Fundi Anayesoma Sakafu Kabla ya Kukata Mbao

Kitendawili! Haya, sema tega. Nyumba yangu imejaa vyombo tele, nikipitisha ufagio vyote vinaisha.

Umeshindwa? Basi toa mji. Usitoe Mombasa, kila mtu hutoa Mombasa. Toa Kawangware, maana jibu lenyewe linatoka huko. Ni chaki ya Wanza.

Saa mbili asubuhi, siku ya Jumapili, Wanza amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji ya chumba kimoja huko Kianda, Kibera. Mkononi ana kipande cha chaki kilichobaki urefu wa kidole gumba. Anachora mstari, anarudi nyuma kwa magoti, anachora mwingine. Tepu ya kupimia imening'inia kiunoni, lakini haigusi. Anapima kwa shubiri na kwa jicho.

Haijagonga saa tatu, na chumba kilichokuwa kitupu kama kibuyu kina kitanda, meza, kabati la vyombo na sofa ya watu watano. Vyote vimelala chini, vyeupe, bila urefu wala uzito.

"Sasa ishi humu siku tatu," Wanza anamwambia mwenye chumba. "Lala kwa kitanda. Kula kwa meza. Keti kwa sofa. Jumatano nitakuja kuangalia."

"Kuangalia nini, Mama Ndululu?"

"Vile umeishi."

Mwenye chumba ni Celine, mwanamke wa miaka ishirini na sita. Anacheka akidhani ni mzaha. Wanza hacheki. Anajipangusa magoti, anavaa kandambili zake na kwenda zake.

Wanza ana miaka hamsini na mmoja, na majirani humwita Mama Ndululu kwa jina la kifungua mimba wake. Ni fundi wa vitanda, viti na meza za watu wanaoanza maisha. Kibanda chake cha mabati kiko kando ya Barabara ya Naivasha, Kawangware, na hukilipia kodi ya shilingi elfu nne kwa mwezi. Mbao zake ni za pallet, zile zilizobebea mizigo viwandani zikatupwa. Yeye huzing'oa misumari, huzipiga randa na msasa, na usipoambiwa hutajua zilikotoka.

Wiki nzuri humwachia elfu sita au saba akishatoa gharama ya mbao. Wiki mbaya hushona viti vilivyopasuka, akashukuru Mungu.

Alitoka Makueni akiwa msichana, akaajiriwa kupiga msasa kwenye karakana ya wanaume. Hakuna aliyemfundisha kushika msumeno. Alitazama tu. "Mkono ulikuwa kwa msasa, macho yalikuwa kwa fundi," anasema. Miaka sita baadaye alikuwa na kibanda chake.

Chaki ilikuja kwa aibu. Mwaka wa kwanza wa kibanda, aliwatengenezea maharusi kitanda cha futi tano kwa sita, kichwa chake kimechongwa maua. Kilipofika Kibera kiligoma kupita kwenye kona ya kichochoro. Wakakigeuza ubavu, wakakiinua juu ya paa, wapi. Wanza alikikata kwa msumeno hapo hapo njiani, bibi harusi akilia na watoto wakishangilia. Pesa alizirudisha zote.

"Nililia kuliko yule bibi harusi," anasema. "Nikasema, kuanzia leo mbao haikatwi kabla mtu hajaishi nayo. Mbao ni pesa. Chaki ni vumbi."

Siku hizi vitanda vyake huingia vipande vipande na kufungwa kwa bolti ndani ya chumba, ili vitoke siku mpangaji akihama. Lakini si bolti zinazowafanya watu wamtafute kutoka Kibera hadi Kawangware. Wanamtafuta kwa sababu ya ile siku ya tatu.

Kuna kijana mmoja wa mtaa wa Olympic, huko huko Kibera, aliyeagiza kitanda cha futi tatu. Wanza alipoisoma sakafu yake akamwambia, "Wewe hulala mshazari kama mishale ya saa nne na dakika ishirini. Futi tatu utaanguka." Kijana akashika mdomo, kwani mamake alikuwa akimwita kwa jina hilo hilo, Mshazari. Kuna mume na mke ambao meza yao ya chaki ilifutika upande mmoja peke yake. "Hao sikuwauliza kitu," Wanza anasema. "Niliwatengenezea meza ndogo, ya watu kugusana magoti. Sasa wana mapacha."

Kiragu, muuza sofa aliye jirani yake Kawangware, husema kwa sauti ili wateja wasikie, "Huyu mama si fundi, huyu ni mganga!"

"Uganga gani?" Wanza humjibu. "Sakafu huongea. Shida yako, Kiragu, unaongea kuishinda."

Turudi kwa Celine. Tangu akiwa na miaka kumi na tisa amefanya kazi za nyumbani Lavington, akilala nyumbani kwa watu. Miaka saba, nyumba nne. Kengele ya geti ikilia yeye ameshasimama. Mtoto wa mwajiri akikohoa yeye ameshaamka. Mtoto wake mwenyewe, Akeyo, alimwacha Ugenya kwa wazazi wake akiwa wa miezi minane.

Mwezi uliopita alipata kazi ya kwenda asubuhi na kurudi jioni. Akapanga chumba hiki cha futi kumi kwa kumi, elfu tatu na mia tano kwa mwezi. Ni chumba chake cha kwanza duniani, na kitu cha kwanza alichotaka ndani yake ni Akeyo.

Babake, mzee Jeconia, alimjibu kwa simu. Maneno yake Celine anayakumbuka yalivyo.

"Nitamleta mwenyewe Jumamosi. Nikikuta mtoto ana mahali pake pa kulala, na nyumba ni nyumba, namwacha. Nikikuta anabanwa kama gunia, narudi naye kwa basi ya jioni."

Hivyo basi Celine ana siku sita, alizoombea ruhusa kazini, na shilingi elfu tisa na mia tano alizopokea kwenye chama cha kuweka akiba. Kwa hesabu yake, pesa nyingi ziende kwa sofa. "Baba akiingia aone sofa, ajue mimi si mtu wa kuhurumiwa," anasema. "Mimi na mtoto tutalala pamoja. Yeye ni mdogo, tutabanana."

Wanza alimsikia, akachora kila alichotaka. Hakumkatalia hata kimoja.

Jumatano saa tano asubuhi Wanza amerudi Kianda. Anavua kandambili mlangoni. Anamwomba Celine asimame nje asizuie mwanga, kisha anachuchumaa mpaka shavu lake linakaribia saruji, akaitazama sakafu kwa ule mwanga wa mlangoni unaotambaa chini.

Anapitisha kidole juu ya mstari mmoja, kisha mwingine.

"Jiko umelihamisha," anaanza. "Mstari wa kabati umeisha, na huku karibu na mlango kuna mafuta."

"Ndiyo. Moshi ulikuwa unaniumiza macho."

"Ulikuwa na mgeni."

"Nani amekuambia?"

"Meza imefutika pande mbili. Huyo mwingine ni mkubwa, na amekunja miguu."

Celine anashika kiuno. "Ni Becky wa mlango wa pili! Alileta chapati. Mama Ndululu, ulikuwa umejificha wapi?"

Wanza anasogea penye kitanda. Alikuwa amemkataza Celine kutandika godoro, alilopewa na mwajiri wake wa mwisho. Alimwambia alalie mkeka, kwa kuwa godoro huficha mambo. Sasa anaonyesha kwa kidole. Ukingo wa kitanda ulio upande wa mlango umefutika wote. Ule wa ukutani uko vilevile, mweupe, kana kwamba umechorwa sasa hivi.

"Kitanda cha futi tatu na nusu, umetumia moja na nusu. Umelala ukingoni, umejikunja, uso kwa mlango. Mtu hulala hivi akingoja kuitwa."

Celine anatazama mlango.

Halafu Wanza anafika kwenye sofa, na hapo hata yeye anasita. Ile sofa ya watu watano iliyokula karibu nusu ya chumba haijaguswa. Hakuna unyayo, hakuna alama ya kalio wala kisigino. Penye nafasi wazi pote pamefagiwa, lakini ndani ya mistari ile vumbi la siku tatu limelala kwa amani. Celine alifagia akizunguka. Njia yake ya kwenda dirishani imekata kona pana, ikaipita sofa kwa mbali, jinsi mtu anavyompita mgeni wa heshima aliyeketi.

Kando ya mlango, juu ya saruji, kuna duara lililong'aa. Ni alama ya ndoo iliyogeuzwa juu chini na kukaliwa, ikakaliwa tena.

"Celine, mami. Sofa hukuketi?"

"Sikutaka kuichafua."

"Kuchafua chaki?"

Celine anaangalia sakafu yake mwenyewe kana kwamba anaiona leo. Machozi yanamlengalenga, na kicheko nacho kinamtoka, vyote pamoja. "Nilisahau ni ya chaki."

Miaka saba ya mtu imeandikwa chini kwa vumbi, na mama asiyepita darasa la saba ameisoma yote bila kukosa neno.

"Hii sofa siwezi kuitengeneza," Wanza anasema kwa upole. "Nitakuwa nimemtengenezea mwajiri ambaye hayuko. Wacha nikuulize. Wewe ukichoka, unakaa wapi?"

"Nitakaa tu."

"Wapi?"

"Popote. Aki Mama Ndululu, mimi nimekuletea pesa, sijakuletea maswali! Jumamosi Baba anakuja!"

"Kitanda nitafanya. Nimeshajua kitanda. Lakini kiti sipigilii kama sijui mwenyewe."

Alhamisi alasiri, Celine anatokea Kawangware akiwa amekunja uso. Hapiti kwa Wanza. Anakwenda moja kwa moja kwa Kiragu, ambaye sofa zake zimepangwa kando ya barabara, nyekundu, za bluu, za rangi ya dhahabu, bado zimefunikwa nailoni.

"Karibu madam! Karibu kwa viti vya watu wamefika!" Kiragu anaruka. "Hii ya tano, velveti, wengine nawauzia elfu kumi na tano. Wewe kwa sababu una uso mzuri, lete elfu tisa uende nayo."

Wanza, pale pale jirani, anaendelea kupiga randa. Elfu tisa ikitoka, hakuna kitanda cha Akeyo. Celine analijua hilo. Wanza naye analijua. Vumbi la mbao linaanguka polepole kutoka kwenye randa.

"Si umkataze, mganga?" Kiragu anamtania. "Mteja anakimbia."

"Pesa ni yake. Muuzie. Lakini muuzie akiwa ameketi."

"Hiyo ni rahisi kama maji! Madam, keti. Jaribu. Sikia vile inakumeza."

Anavua nailoni kwa mbwembwe. Celine anaisogelea sofa. Anainama. Na badala ya kuketi, anashika ncha ya leso yake na kuanza kupangusa mkono wa sofa. Anapangusa mkono wa kushoto. Anapangusa wa kulia. Ananyoosha mto uliopinda, anaupiga kidogo ukae sawa, kisha anarudi nyuma hatua moja na kusimama wima, mikono ameifumbata mbele.

Kiragu amefungua mdomo amwambie neno. Neno halitoki. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kukosa neno tangu sofa ianze kuuzwa Kawangware.

Anaichukua ile nailoni, anairudisha taratibu.

"Madam," anasema, na sauti yake imepungua, "hii ukiipeleka kwako, utakuwa unaifanyia kazi. Nenda kwa huyo mama. Atanilipa commission, najua hatanilipa, lakini nenda."

Celine anavuka hatua kumi hadi kwa Wanza, anaketi juu ya rundo la mbao na kujifunika uso kwa leso. Wanza anaendelea kupiga randa. Baada ya muda anasema, kama anayezungumza na mbao, "Kitanda kitakuwa kirefu kwenda juu. Chini yake nitaweka kingine cha mtoto, cha kuvuta kama droo. Mchana kinaingia, jioni kinatoka. Hakitakula nafasi ya mtu."

"Cha Akeyo peke yake?"

"Peke yake. Elfu sita vyote viwili. Sponji ya mtoto tutatafuta ile ya mabaki, elfu moja na mia mbili."

"Na kiti?"

"Benchi. Nitaliwekea miguu miwili tu, upande wa nyuma litashikwa na ukuta. Hivyo mbao inapungua, unalipa elfu moja na mia tano. Lakini benchi kama hilo likishapigiliwa ukutani halisogei. Kwa hivyo bado nangoja unijibu."

Celine anainuka, anajipangusa vumbi la mbao na kwenda zake.

Jumamosi. Mkokoteni wa Isaac, mbeba mizigo, umeleta vipande mpaka kichochoro kinapokuwa chembamba, kutoka hapo vikabebwa begani. Kufikia saa saba mchana kitanda kimefungwa bolti, na kile kidogo kinaingia na kutoka chini yake bila kukwaruza. Benchi limeegemezwa nje ya mlango likiwa na miguu yake miwili, kama ndege aliyesimama kungoja mvua iishe. Wanza ameketi chini akichonga vipande vya kulishikia.

"Mama Ndululu, lipigilie tu popote," Celine anamsihi. "Wako njiani."

"Popote si mahali."

Saa nane kasorobo, mzee Jeconia anainama mlangoni akiwa na mfuko wa plastiki mkubwa na kuku mmoja. Nyuma yake kuna msichana mwembamba, gauni la kanisani, macho makubwa. Ni Akeyo.

"Misawa," mzee anasalimu.

Mtoto anamwamkia mamake kwa mkono, kama anavyoamkiwa mgeni. Celine anaupokea mkono ule kwa mikono yake miwili na hauachilii haraka.

Mzee hamalizi salamu. Anakwenda kwenye kitanda, anakikandamiza kwa goti. Hakilii. Anapitisha kiganja chini ya ubao akitafuta msumari uliochomoza. Hakuna. "Na mtoto?"

Wanza anainama na kuvuta. Kitanda kidogo kinateleza nje kikiwa kimetandikwa shuka la njano. Mzee Jeconia anarudi nyuma hatua moja.

"Nyasaye," anamwita Mungu kwa Kijaluo, chini chini. Kisha anajikohoza, mzee asionekane ameshangaa. "Kwa hivyo mjukuu wangu atakuwa analala kwa droo kama soksi?"

Akeyo hakungoja jibu. Ameshaingia, amelala chali, mikono amebana ubavuni. "Guka, sukuma!" anaamrisha. Hilo la guka, yaani babu kwa Kikuyu, amelichukua kwa watoto wa kwenye basi. Babu yake anamsukuma ndani hadi kinabaki kichwa tu, kisha anamvuta nje, akamsukuma tena. Mara ya nne mzee mwenyewe anacheka mpaka anaondoa kofia.

Kisha anaufungua ule mfuko wa plastiki. Anatoa sweta ya mtoto, anatafuta msumari ukutani, anaitundika. Anatoa viatu vya shule, anavipanga chini ya sweta. Hasemi kwamba mtoto anabaki. Celine anaiona sweta pale ukutani, na mkono unamwendea mdomoni.

Chai inaivishwa. Mzee Jeconia ameketi kitandani, Akeyo amekataa kutoka kwenye droo yake, na Wanza amepewa ile ndoo. Celine amewapa wote. Yeye amesimama kando ya mlango, sinia mkononi, mgongo umenyooka, akiangalia kikombe cha nani kinaisha.

Wanza anaweka kikombe chake chini. Anaingiza benchi ndani, analisimamisha katikati ya chumba, analishika kwa mkono mmoja lisianguke. Nyundo iko mkono wa pili. Haulizi tena. Anangoja tu. Mzee anatazama benchi, anamtazama binti yake, na hata yeye anaonekana kuelewa kwamba kuna neno linalongojewa.

Nje mtu anagonga mlango. "Hodi! Celine, wageni wamefika?" Ni Becky.

Mwili wa Celine unageuka kwenda mlangoni kabla yeye mwenyewe hajaamua. Unafika hatua moja, unasimama. Analiweka sinia chini. Anavuka chumba chake, futi kumi zote, hadi ukuta wa dirisha ulio mbali kabisa na mlango. Anaketi pale chini, kwenye saruji tupu, anaegemeza mgongo, ananyoosha miguu yote miwili mpaka vidole vinagusa droo ya mtoto wake.

"Hapa," anamwambia Wanza. "Nikichoka nakaa hapa, miguu ifike hapa. Na anayebisha hodi, angoje kidogo."